Haki ya Aliyebaki Nyumbani

 

Ndugu Waislamu, Alhamisi moja baada ya sala ya Alasiri, tulipokuwa tumekwisha funga vitabu vya darsa yetu hapa Shanzu, alikuja mama mmoja akasimama penye mlango wa upande wa wanawake, akaomba ruhusa ya kuuliza. Tulidhani ataka kujua jambo la udhu au la zaka, kama ilivyo desturi. Aliuliza hivi: "Maalim, mwanangu huu ni mwezi wa sita sijamsikia. Jee, nimsalie sala ya maiti, ile anayosaliwa mtu aliyefia mbali, au ningoje?"

Hapana aliyekuwa na jawabu la upesi. Sala ya maiti husaliwa aliyethibiti kufa, na huyu hakuthibiti kufa wala hakuthibiti kuishi. Tulimwambia angoje na aombe dua, akaenda zake. Swali lake lilibaki kati yetu, na ndilo lililotufanya tuandike maneno haya.

Kijana mwenyewe twamjua, ingawa hatutamtaja jina. Alikuwa mtumishi katika hoteli moja ya ufukweni. Mwaka 2020, hoteli za pwani zilipofunga milango kwa ajili ya maradhi ya korona, alikosa kazi kama walivyokosa vijana wengi wa huku kwetu. Akabahatisha hiki na kile kwa muda. Mwisho akakopa fedha kwa jamaa, akanunua viatu, shuka, tochi na vitu vidogo vidogo vya simu, akashika njia ya kaskazini. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kilomita zipatazo 500, na leo yote ni lami. Lakini yeye aliiacha lami Marsabit akaingia njia ya Maikona, Kalacha na North Horr, pembezoni mwa jangwa la Chalbi, akichuuza juu ya pikipiki, peke yake. Huko mtu aweza kwenda saa nyingi asione nyumba wala mnara wa simu. Mwezi wa kwanza alikuwa akimpigia mamake kila Ijumaa. Kisha akanyamaza.

Mama alipiga simu asubuhi na jioni, asisikie illa ile sauti isemayo kuwa nambari haipatikani. Aliwauliza madereva wa malori, nao kila mmoja alikuwa na lake. Mwezi wa tatu wanawake wenzake wakamshauri aende kwa mpiga bao. Naye akaenda. Mpiga bao akala fedha yake na jogoo wake, akamwambia kuwa mtoto yuhai lakini amefungwa, na aliyemfunga ni mwanamke wa damu, mwenye kuingia nyumba ile bila ya kubisha hodi.

Na ni nani aingiae nyumba ya mtu bila ya hodi isipokuwa nduguye? Mama huyu ana mdogo wake, tumbo moja, na huyo ndiye aliyemkopesha kijana sehemu kubwa ya rasilimali aliyoondokea nayo. Kwa kuwa fedha yake ilikuwa safarini, na kwa kuwa ampenda yule kijana, alikuwa akija kila siku kuuliza: "Jee, kuna khabari?" Kuuliza kwake huko sasa kukageuzwa kuwa ushahidi juu yake. Akafukuzwa mlangoni mbele ya majirani, akaitwa mchawi.

Ndugu wasomaji, juu ya mpiga bao na mpiga ramli hatuna haja ya kurefusha. Ya ghaibu hapana ayajuae ila Mwenyezi Mungu, na Qur'ani imelisema hilo mahali pengi. Imam Muslim amepokea kwa Mtume (S.A.W.) kuwa amwendeaye mtu wa namna hiyo akamuuliza jambo, sala zake za siku 40 hazikubaliwi. Na kila mara tumekuwa tukiandika kuwa watu hawa hawana elimu isipokuwa elimu ya kuujua udhaifu wa aliyekaa mbele yao. Mama amekosa, na tumemwambia, naye ametubia. Lakini tungekuwa watu wa nusu haki lau tungemkemea mama tukakoma hapo. Ni nani aliyeuacha mlango wazi hata mpiga bao akaingia? Penye khabari, bao halina kazi. Mtu aliyesikia sauti ya mwanawe jana haendi leo kutoa jogoo ili aambiwe kama yuhai.

Mwezi wa saba kijana akarudi, mzima, amekonda. Tukamuuliza, nasi tulitazamia kusikia kuwa alikuwa mgonjwa, au kifungoni, au mahali pasipofika simu. Jawabu lake lilitushangaza. Mvua ilikuwa imenyesha, Chalbi ikageuka tope, pikipiki ikazama, na mali yote ikaharibika kwa maji. Aliiuza simu yake apate chakula. Kisha akapata kazi ya ulinzi wa duka hapo North Horr, na mwenye duka ana simu, na majirani wana simu, na nambari ya mamake aijua kwa moyo. "Maalim," akasema, "ningemwambia nini? Sikuwa na kitu. Nalisema nikipata japo nusu ya deni la mama mdogo, ndipo nitakapopiga."

Ndilo hilo. Si ukosefu wa mnara wala wa simu. Kijana alidhani kuwa khabari isiyokuwa na fedha ndani yake si khabari, na kuwa mtu asiye na la kupeleka hana haki ya kusema. Wala si yeye peke yake. Mtazameni na yule mwingine, aliye kinyume chake, aliyefanikiwa. Tangu fedha zilipoanza kupelekwa kwa simu katika nchi hii, mwaka 2007, imekuwa rahisi mtu kukaa Lodwar au Juba akabonyeza nambari, na mamake akapata posho kabla ya maji kuchemka. Neema kubwa hii, twamshukuru Mungu. Lakini wapo ambao miaka miwili sasa wazee wao hawajasikia sauti zao. Wapokea ujumbe wenye jina la mtoto na kiasi cha fedha, basi. Huyu aliyenyamaza kwa kuwa hana, na yule aliyenyamaza kwa kuwa amekwisha tuma, wote wawili wamekosa kosa moja: wamedhani haki ya jamaa ni fedha.

Mwenyezi Mungu katika mwanzo wa Suratun-Nisai ametuamrisha tumche Yeye, na papo hapo akautaja ujamaa wa tumbo moja, kuwa nao tuuchunge. Mtume (S.A.W.) naye, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, amebainisha kuwa mwenye kuunga udugu si yule alipae wema kwa wema, bali ni yule ambaye jamaa zake wakimkata, yeye huwaunga. Hakuweka sharti ya utajiri. Kama kuunga udugu kungekuwa ni kutoa tu, basi maskini wote wangekuwa wamesamehewa, na matajiri wote wangekuwa wameinunua Pepo.

Na tuitazameni Surat Yusuf, sura ambayo wengi wetu twaihifadhi na wachache twaizingatia. Njaa ilipowafika watu wa nyumba ya Nabii Yakub (A.S.), wanawe walikwenda Misri wakarudi na mizigo ya nafaka. Walipoifungua wakakuta na ile bidhaa waliyoilipia imerejeshwa ndani yake. Nafaka ile ilitoka mkononi mwa Yusuf mwenyewe, naye mzee hakujua. Chakula kiliingia nyumbani, na huzuni haikutoka. Iliendelea mpaka macho yake yakawa meupe kwa majonzi. Ni kitu gani kilichomrudishia macho? Kanzu. Kanzu moja, ambayo sokoni haikufikia bei ya gunia la nafaka, lakini ilikuwa na khabari ya mwanawe, na aliyeileta ameitwa katika Qur'ani mleta bishara. (Wala asitoke mtu hapa akasema tumemlaumu Nabii Yusuf. Yeye aliuzwa, kisha akafungwa, na mambo yake yalikuwa yakiendeshwa na Mola wake. Vijana wetu hawakuuzwa na mtu.)

Tena uko mfano mwingine, na mwenyewe alipita hapa petu. Ibn Battuta alitoka mjini kwao Tangier katika mwaka 1325, naye ni kijana wa miaka 21, peke yake, hana rafiki wala msafara, akawaacha baba na mama wote wahai. Akahiji, akazunguka, na katika mwaka 1331 akafika Mombasa, akalala usiku mmoja, kisha akaendelea Kilwa. Ameandika kuwa watu wa Mombasa ni wema na wacha Mungu, na kuwa misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa madhubuti. Twapenda kuyasikia hayo, na waalimu wetu huyataja kila wakipata nafasi. Mambo yaliyomfika kuhusu watu wake hayatajwi sana.

Alipokuwa Dameski mara ya kwanza alioa, akamwacha mke na mimba. Alikuwa Bara Hindi aliposikia kuwa amepata mtoto wa kiume. Akampelekea babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu. Aliporejea Dameski mwaka 1348 hakuwa na hamu illa ya kumwona mwanawe. Akaambiwa: mtoto amekufa, huu ni mwaka wa 12. Katika mji huo huo akakutana na mtu wa kwao, akamuuliza wazazi wake. Akaambiwa: baba amekufa huu ni mwaka wa 15, mama yuhai. Akaendelea na safari, na mwaka 1349, amekaribia kwao, amefika Taza, akapata khabari kuwa na mama naye amekufa kwa tauni. Bwana huyu alifanywa kadhi huko Delhi na huko Maldives, alikaa na wafalme, na dinari hazikumpungukia. Hatumhukumu, kwa kuwa zama zake khabari ilikwenda kwa jahazi na ngamia, na mtu aliyetaka kujua hali ya mamake ilimpasa angoje msafara. Wazee wetu nao walikuwa hivyo hivyo. Jahazi ziliteremka kutoka Maskati kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na barua iliyokosa jahazi ya mwaka huu ilingoja mwaka ujao. Udhuru wao ulikuwa wazi. Wajibu hufuata uwezo, na kila uwezo uzidipo udhuru hupungua. Mtu wa leo atasimamisha udhuru gani mbele ya Mola wake, naye amebeba mfukoni kitu ambacho Ibn Battuta angetoa dinari zake zote akipate kwa dakika tano?

Watasema: maporini simu haishiki. Ni kweli, lakini hapana aliyezaliwa na kufa katika pori lisilo na simu. Hupita, na kabla yake pana mji na baada yake pana mji. Aondokae Marsabit na aseme: "Mama, sasa naingia njia ya North Horr, siku tatu hutanisikia, usifanye wasiwasi, Jumatatu nitakupigia." Maneno haya ni machache, nayo yaondoa usingizi mbaya wa siku tatu. Ujumbe wa maandishi mara nyingi hupita pale ambapo sauti haipiti. Aliyeishiwa na fedha ya simu aweza kupeleka ule ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe, na hata huo watosha kumjulisha mamake kuwa vidole vyake vyafanya kazi. Aliyepoteza simu na akope ya mwenzake. Watu wa kaskazini ni watu wakarimu, na sijasikia kuwa mgeni alinyimwa dakika moja ya kumwambia mamake yuhai. Na kila asafiriye na azihifadhi kwa moyo nambari mbili za watu wa kwao, kwani siku hizi nambari zote zimo ndani ya simu, na simu ikienda zimekwenda nazo.

Ama kusafiri peke yako, jueni kuwa Mtume (S.A.W.) hakukupenda. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar hadithi ambayo maana yake ni kuwa lau watu wangeyajua aliyoyajua yeye juu ya upweke, hapana mpandaji ambaye angekwenda usiku peke yake. Mwenye dharura na aende, lakini pasiwe na usiku ambao katika dunia nzima hapana mtu ajuae yuko wapi. Dini yetu imefundisha kupeleka khabari hata wakati wa kurudi: amekatazwa mtu aliyekuwa mbali muda mrefu kuwajia watu wake ghafula usiku. Basi huu msemo wetu wa "msafiri kafiri", ambao watu huutumia kujihalalishia kila jambo wakiwa njiani, ni msemo wa upuuzi na haufai katika kinywa cha Mwislamu. Msafiri amepunguziwa rakaa na ameruhusiwa kufungua saumu. Haki za watu hakupunguziwa.

Na haki hizo si za mama peke yake. Mwenye mke akinyamaza, jee, mkewe ni nani? Si mjane, wala hakuachwa, wala mume hanaye. Wanazuoni humwita mtu huyo mafqud. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alihukumu mke wa aliyepotea angoje miaka 4, kisha akae eda ya kufiwa, miezi 4 na siku 10, na Imam Shafi, katika kauli yake ya mwisho, alisema angoje mpaka ithibiti kuwa mume amekufa au ametoa talaka. Mali yake haigawanywi, deni zake zakaa zikining'inia, watoto hawajui kama ni mayatima. Sheria ya ushahidi ya Kenya nayo haimdhanii mtu kuwa amekufa mpaka ipite miaka 7 asisikiwe na wale ambao wangemsikia lau angekuwa hai. Mke huyo atabisha mlango wa Kadhi akiulizwa maswali ambayo mtu mmoja tu angeweza kuyajibu kwa simu ya nusu dakika. Kwa hivyo asafiriye na aandike wasia wake kabla ya kutoka, adaiwa na nani na amdai nani, kwani Mtume (S.A.W.) amesema haimfalii Mwislamu mwenye la kuusia alale hata siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Wengi wadhani kuandika wasia ni kujiitia mauti. Hiyo ni ada ya wajinga.

Wapo waliozuiliwa kweli. Binti zetu wanaokwenda Saudia kufanya kazi za majumbani, baadhi yao hupokonywa simu na waajiri wao, wakakaa miezi wasisikike. Hao hawana dhambi. Dhambi ni ya aliyewazuilia, na ni juu yetu sisi kuwaulizia kwa mawakala waliowapeleka na kwa ubalozi, wala tusikae tukisema "amesahau kwao".

Sasa nageukia waliobaki nyumbani, na neno hili huenda likawaudhi wengine. Jee, mtoto apigapo simu, neno la kwanza tumwambialo ni lipi? Mara ngapi tumesikia, baada ya salamu ya haraka: "Umetuma? Paa lavuja. Ada ya shule haijalipwa." Mtoto ambaye kila apigapo hudaiwa, siku atakayokuwa hana hatapiga. Tulimuuliza yule mama, kwa upole, lile simu la mwisho walizungumza nini. Akanyamaza kidogo, akasema: "Nalimwambia mdogo wangu ataka fedha yake." Akalia. Naye mdogo wake, tulipomwendea, aliapa kuwa hakuidai. Aliuliza tu kama mtoto amefika salama. Basi hata kijana aliyekuwa akihesabu nusu ya deni kule jangwani, alikuwa akihesabu deni ambalo mwenyewe hakulitaka.

Mambo ya nyumba ile hayajaisha. Kijana amekwenda kwa mama mdogo wake akamwomba radhi, naye akampa. Mama pia amekwenda, akapokewa na kupewa chai, lakini mdogo wake hajaingia tena nyumba ya dada yake, na alipoulizwa alisema kuwa siku atakayoingia itambidi abishe hodi, na hilo hawezi kulizoea. Wazee wawili wa mtaa wamekubali kwenda pamoja na mama kwa majirani, nyumba kwa nyumba, ili aseme kwa kinywa chake mbele ya wale wale waliosikia tusi kuwa aliyosema yalikuwa uongo wa mpiga bao.

Darsa yetu imenunua daftari. Kila asafiriye kwenda mbali, awe dereva, mchuuzi, baharia au mlinzi, na aandike humo njia atakayoishika, miji atakayopita, siku anayotazamia kusikika katika kila mji, nambari za watu wake wawili, na mahali alipoweka wasia wake. Siku ikipita asisikike, sisi tutaanza kuuliza siku ya pili, kwa madereva, misikitini na kwa polisi wa mahali hapo, kabla mtu hajashauriwa kwenda kwingine. Daftari la wanaume liko kwa mwalimu wa darsa kila siku baina ya Magharibi na Isha. La wanawake lawekwa na mama mdogo wa kijana huyu, ambaye alijitolea mwenyewe, nalo lapatikana nyumbani kwake wakati wote isipokuwa saa za sala.